Mwaka wa Mipira Miwili

Siku tuliyomzika Milembe, upepo wa Laela ulikuwa unaingiza vumbi la barabarani mpaka chini ya turubai, na kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alilazimika kuishikilia karatasi kwa mikono miwili. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, katika familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Kwamba alisoma akamaliza. Kwamba aliolewa hapa Laela, akajaliwa watoto, akafanya biashara ya nafaka pamoja na mumewe. Kwamba alisumbuliwa na figo. Kati ya kumaliza shule na kuolewa, kijana alivuta pumzi tu, akaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, mguu wa kulia nimeunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri, na nikajikuta nimeinua mkono kama mwanafunzi anayetaka kusema neno. Mama aliyekuwa jirani yangu akaniuliza polepole kama nataka maji. Nikaushusha mkono, nikamwambia ndiyo, nataka maji. Katika pumzi ile aliyoivuta kijana ndimo ulimokuwa mwaka wetu, na niliona kwamba nisipousema mimi, hakuna aliyebaki wa kuusema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa chini pale sokoni Sumbawanga, na sabuni za Zambia, na redio za kaseti, na watu wakawa wanasema kwa furaha kwamba sasa kila kitu kipo. Ni kweli kila kitu kilikuwepo. Wakati huohuo vile tulivyovizoea vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja bila kuaga. Mimi na Milembe tulikuwa tumeajiriwa kwenye kiwanda cha unga, mali ya umma, mimi karani wa ghala, yeye kwenye mizani. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, lakini kila mtu pale kiwandani, kuanzia Meneja hadi mlinzi wa getini, alijua kwamba tuliajiriwa kwa sababu ya mpira. Siku zile shirika lilikuwa na timu kama lilivyokuwa na zahanati na duka la wafanyakazi. Na sisi wawili, katika wasichana wote wa kiwanda, ndio pekee tuliocheza michezo yote miwili: mpira wa pete na mpira wa mikono.

Aliyecheza mmoja tu hawezi kuelewa maana ya kucheza yote miwili. Kwenye mpira wa pete ukishadaka, unasimama hapo hapo. Mguu uliotua kwanza ni kama umepigiliwa msumari. Ukiusogeza, refa anapuliza. Kwenye mpira wa mikono ukidaka unakimbia, unadundisha, unapewa hatua zako tatu kisha unaruka juu ya mabeki na kutupa ukiwa hewani. Uwanja wetu wa lami nyuma ya ghala ulikuwa na mistari ya rangi mbili, nyeupe ya pete na njano ya mikono, imepishana. Jumatatu na Jumatano tulifuata nyeupe, Jumanne na Alhamisi tukafuata njano, na mwili ulipaswa kujua wenyewe leo ni siku gani. Mwanzoni nilichanganya. Nilisimama ghafla katikati ya shambulizi la mikono, wenzangu wakanipita wakicheka, au nikakimbia na mpira kwenye pete na kupulizwa kama mwizi. Kisha, siku moja ambayo siikumbuki vizuri, miguu ikaelewa. Kuanzia hapo niliweza kutoka mchezo mmoja kuingia mwingine kama vile mtu wa kwetu anavyotoka kwenye Kifipa cha jikoni na kuingia kwenye Kiswahili cha ofisini, bila kujikwaa. Sijawahi tena kujua kitu chochote maishani kwa namna ile. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na nathubutu kusema nilikuwa mwalimu wa kawaida.

Tulipanga chumba kimoja, mimi na Milembe, mtaa wa Jangwani, kwenye nyumba ya mjane aliyepika pombe ya kimpumu. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la mbao na vitanda viwili vya kamba, na kati ya vitanda palikuwa na nafasi ya kupitisha mtu mmoja akienda upande. Jioni wanywaji walikaa uani wakivuta pombe yao ya moto kwa mirija, na mazungumzo yao yalipita ukutani yakatufikia tukiwa tumelala chali, miguu tumeiinua ukutani ili damu irudi. Walizungumza bei ya mahindi na wanunuzi binafsi waliokuja na malori yao. Walizungumza Wasukuma na ng'ombe wao waliokula mashamba ya watu, na hapo Milembe alinitazama, akatabasamu kidogo. Na mwaka ule walianza kuzungumzia kiwanda. Mmoja alisema kinauzwa. Mwingine akasema hakiuzwi, kinapewa mwekezaji. "Tofauti yake nini?" akauliza wa kwanza, na wa pili akajibu kwamba hata yeye hajui, ndivyo alivyosikia kwenye redio.

Walimu wetu wa michezo walikuwa wawili na hawakupendana. Wa pete alikuwa Mama Sabina, mwanamke mnene wa ofisi ya uhasibu, aliyecheza zamani na ambaye sauti yake ilitosha uwanja mzima. Wa mikono alikuwa Mzee Fulgensi, dereva wa lori la kiwanda, aliyejifunza mchezo ule jeshini na kuufundisha kijeshi. Kila mmoja aliona mwenzake anamwibia wachezaji. Mwezi wa tano, kwenye mechi ya pete ya kirafiki dhidi ya wanachuo wa ualimu, nilidaka mpira wa juu, nikatua kwa mguu wa kulia, nikasimama kama sheria inavyotaka, na goti likageuka lenyewe huku mguu ukiwa umebaki chini. Nilisikia kitu kama ukuni mkavu unaovunjwa. Milembe alikuwa wa kwanza kunifikia. Hakusema pole. Aliweka kiganja chake kwenye goti, akakiacha pale, akasema, "Usisimame bado, Leo." Jina langu ni Leokadia, lakini yeye aliniita hivyo, na baada yake hakuna aliyeniita tena.

Goti likavimba, likapungua, likabaki linateleza. Nikitembea lilikuwa zima, nikigeuka ghafla lilitoka na kurudi. Jumapili moja baada ya misa Mama Sabina alinichukua kwake nikandwe kwa maji ya chumvi na majani ya mkaratusi, kisha akanipakulia ugali wa ulezi na migebuka. Nilikuwa nakula jikoni, mguu juu ya kinu kilicholazwa, Mzee Fulgensi alipobisha hodi. Walikaa sebuleni. Walidhani sisikii.

"Huyu binti utamvunja," alisema Mama Sabina.

"Alivunjikia kwako, si kwangu."

"Basi mwache akae na mimi tu mpaka mashindano ya Mbeya. Kwangu hakuna kuruka ovyo."

"Kwako kuna kusimama ghafla. Ndiko kulikomuumiza. Mwache akae na mimi."

Kisha Mama Sabina akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, "Fulgensi, mimi nimebakiza miaka michache nistaafu. Meneja mwenyewe katuambia. Tukirudi na vikombe atakuwa na la kusema mbele ya hao wageni wanaokitaka kiwanda." Na yule mzee akajibu, "Nami je? Hao watakuja na madereva wao wa lori." Nilitafuna samaki polepole nisiwakatize. Sikuwachukia. Nilielewa kwamba mle sebuleni kila mmoja alikuwa ameshikilia upande wa mguu wangu, na kwamba hakuna ambaye angeuachia.

Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini, isipokuwa Milembe. Tulikuwa chumbani, ananifunga goti kwa kitambaa alichokichana kutoka kwenye khanga yake.

"Chagua mmoja," alisema. "Wowote. Mimi nitakufuata huko huko."

"Nikichagua mmoja nitakuwa nani?"

"Utakuwa Leokadia mwenye miguu miwili."

Nilimwambia sijui kuchagua. Nilimwambia ukweli, kwamba nikiwaza kuacha pete naona giza, na nikiwaza kuacha mikono naona giza lile lile. Alimaliza kufunga fundo. "Haya," akasema, "mimi nitakuwa nyuma yako." Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu kwenye pete alikuwa mlinzi wa goli letu na kwenye mikono alikuwa golikipa, na katika michezo yote miwili nikigeuka nyuma nilimwona yeye, mrefu, mikono imetanda. Nikiulizwa leo nilikuwa na furaha lini, siwezi kutaja harusi yangu wala kuzaliwa kwa wanangu kabla ya kumtaja yule msichana amesimama nyuma yangu.

Mashindano ya viwanda vya kanda yalifanyika Mbeya. Tulisafiri juu ya lori la Mzee Fulgensi, barabara ya vumbi kupitia Laela na Tunduma, tumejifunika maturubai kwa baridi, tukiimba mpaka koo zikakauka. Tulilazwa kwenye mabweni ya shule ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo. Usiku wa kwanza wasichana wa timu nyingine walikuja mlangoni kutuchungulia, wakaulizana kama ni kweli sisi wa Sumbawanga tunaweza kumtumia mtu radi kwa uchawi. Milembe akawajibu kwa utulivu kwamba radi ameiacha nyumbani, ni nzito kubeba. Walicheka, wakaingia, tukala nao karanga. Mmoja wao, wa kiwanda cha nguo, alisema hii ni safari yao ya mwisho, kwao mashine zimeshasimama. Alilisema jambo lile huku akimenya karanga, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Tulishinda mechi za mwanzo zote. Goti lilitoka mara kadhaa, nikalirudisha mwenyewe kwa kukanyaga chini, nikaendelea. Timu zetu zote mbili zikaingia fainali, na waandaaji wakaziweka siku moja, pete asubuhi, mikono alasiri, kwa sababu hawakufikiria kwamba kunaweza kuwa na mtu wa kucheza zote.

Fainali ya pete tulishinda. Sitaki kuieleza sana. Nitasema tu kwamba kila mpira uliofika mikononi mwangu nilisimama nao bila kusogea, maumivu yakipanda hadi kiunoni, na niliporusha, pete ilionekana pana kama sinia. Mama Sabina alikaa chini kwenye nyasi akalia, kitenge kimefunguka, hakujali. Meneja, aliyekuja na gari lake kututazama, alipiga picha na kikombe.

Saa ya chakula nilikwenda nyuma ya jiko la shule kutafuta maji baridi ya kuweka gotini. Meneja na Mzee Fulgensi walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabanzi. Nilisikia Mzee Fulgensi akisema, "Bado kimoja, mheshimiwa. Jioni utakuwa na viwili vya kuwaonyesha." Meneja akasema, "Fulgensi, acha wasichana wacheze. Lakini lile jambo lilikwisha zamani. Wale wageni walishatia saini kabla hatujaondoka. Hawataki timu. Hawataki hata zahanati."

"Sasa mbona ulituambia vikombe vitasaidia?"

"Ningewaambia nini?" alisema Meneja. Wala hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

Nilirudi bwenini na ndoo. Milembe alikuwa kitandani anakula wali kwa mkono, sahani kifuani. Nikamweleza yote niliyoyasikia. Aliendelea kutafuna mpaka akameza, akaiweka sahani chini.

"Kwa hiyo Mama Sabina hajui?"

"Hajui."

"Na mguu, utaupumzisha basi? Maana sasa hakuna sababu."

Nilifikiri. Nje wasichana walikuwa wanaimba, wakipiga kile kikombe kwa kijiko. Hapo ndipo nilipotambua, na sijaweza kulisahau tangu hapo, kwamba sababu waliyotupa wakubwa haikuwa yangu hata siku moja. Nilikuwa nacheza kwa sababu kuna kitu kimoja duniani nilichokiweza, na kesho kitakuwa hakipo. "Sipumzishi," nikasema.

Milembe aliinama akavuta raba zangu kutoka chini ya kitanda. "Lete mguu nikufunge," akasema.

Kipindi cha pili cha fainali ya mikono, tukiwa nyuma kwa bao moja, Milembe alidaka mpira golini na kunirushia ule wa mbali, ule tulioufanyia mazoezi jioni nyingi ghala likiwa limefungwa. Nilikuwa peke yangu. Nilidundisha, nikachukua hatua zangu, nikaruka. Nakumbuka nikiwa juu; nakumbuka milima na mabati ya mji yaking'aa. Mpira niliutupa nikiwa hewani na watu waliniambia uliingia. Mimi nilikuwa nimeshatua kwa mguu wa kulia, na safari hii goti halikurudi. Lilikwenda upande ambao goti haliendi. Sikupiga kelele. Niliona tu sura ya Mzee Fulgensi ikigeuka, akajifunika uso kwa kofia yake. Mchezo uliendelea bila mimi, na tukafungwa.

Nilirudishwa Sumbawanga nimelazwa juu ya magunia matupu, Milembe ameketi amekipakata kichwa changu ili kisigonge mbao. Wengine hawakuimba. Hospitali walinifunga plasta kutoka juu ya paja mpaka kwenye kisigino. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na mafua, alisema kuna upasuaji unaofanyika mahali pengine kwa watu wengine, na akatazama pembeni. Mama Sabina alikuja kunitazama wodini na chupa ya uji. Alinishika mkono, akasema, "Umetupatia kikombe, mwanangu," na kwa macho yake nikajua bado anaamini. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Aliambiwa wiki iliyofuata kwenye ua wa kiwanda, pamoja na wote, na mtu aliyetoka Dar es Salaam na suti, ambaye alisoma majina ya wanaobaki huku mengine akiyakosea. Jina la Mama Sabina halikuwemo. La Mzee Fulgensi halikuwemo. La Milembe lilikuwemo, kwa sababu siku moja kabla yule mtu alipouona urefu wake alimuuliza kama anaweza kubeba gunia, na Milembe akasema anaweza. Mshahara wake ndio uliotulisha sote wawili miezi ile, mimi nikiwa kitandani chini ya dirisha la mbao, nikisikiliza wanywaji wakisema kwamba sasa unga utashuka bei.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Nilijifunza kutembea kwa fimbo kutoka mlangoni hadi kwenye jiko la mjane, kisha hadi barabarani. Milembe alikuwa akirudi jioni amechoka, mweupe kwa vumbi la mahindi, anakula na kulala. Tulikuwa hatuzungumzi sana. Nilidhani ni uchovu. Siku moja nikaamua kumfuata kazini, nimpelekee viazi vya kuchemsha, na nionyeshe kwamba naweza kufika. Nilitembea asubuhi nzima.

Getini palikuwa na mlinzi mpya asiyenijua. Alisema siingii. Nikauzunguka ua hadi nyuma ya ghala, kwenye wavu wa waya, na hapo nikauona uwanja. Walikuwa wameanika mahindi. Uwanja mzima, kutoka goli hadi goli, ulikuwa wa njano, tabaka moja la mahindi lililosambazwa vizuri kwenye lami. Magoli yalikuwa yameng'olewa. Nguzo za pete zilikuwa zimekatwa usawa wa ardhi. Na katikati ya mahindi alikuwa Milembe, pekupeku, anayageuza kwa reki ya mbao, akienda taratibu mpaka mwisho na kurudi. Kila reki ilipopita, lami ilionekana kidogo, na mistari yetu ikaonekana, nyeupe, njano, kisha mahindi yakaporomoka na kuifunika tena. Yeye ndiye aliyekuwa akiifunua na kuifunika, siku nzima, siku zote zile, na jioni alikuja nyumbani asinieleze.

Nilimwita. Alikuja wavuni, akapokea viazi kupitia tundu la waya.

"Umetembea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kunja nione."

Niliegemea wavu, nikaukunja mguu mpaka ulipogoma. Haikuwa mbali. Aliutazama kwa muda mrefu, na sikumwona akilia, wala siku ile wala nyingine.

"Kuna mtu Laela anayenunua nafaka," alisema. "Amekuja kwa baba mara kadhaa. Nimemkubali."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri. Laela hakuna uwanja." Msimamizi alimwita kutoka ghalani. Akageuka nusu, akanirudia, akaushika wavu kwa vidole. "Leo, usije tena hapa. Ukisimama hapo ukinitazama, siwezi kuifanya hii kazi."

Sikwenda tena. Aliolewa mvua zilipoanza, na mimi nikapata nafasi ya ualimu. Miaka yote iliyofuata, kila basi la Mbeya liliposimama Laela nilishuka kumsalimia kwenye kibanda chake cha nafaka, naye alinipa kigoda chenye urefu wa kutosha ili nisikunje mguu. Tuliulizana watoto, mvua, bei ya ulezi, nani amefariki. Konda akipiga honi, alinisindikiza hadi mlangoni mwa basi, akanishika kiwiko nikipanda ngazi. Hatukuutaja mpira hata mara moja. Mimi nilidhani yeye ndiye hataki, na sasa sitajua kama naye alidhani hivyo kuhusu mimi.